Vespa ya marehemu baba imelala tangu 2012: nianze wapi?

"Assalaamu alaykum fundi. Marehemu baba ametuachia Vespa PX150 ya miaka ya 80. Ilikuwa bandani Wete, Pemba, tangu 2012. Juzi kijana wa gereji kaifungua plagi, kamimina petroli kidogo ndani, kapiga kiki, ikawaka sekunde chache ikazima. Karudia mara nne. Baadaye tukamwaga petroli ya zamani tangini, tukatia mpya. Sasa inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, na mara moja ilipanda mzunguko wenyewe mpaka tukaogopa. Moshi mweupe mwingi. Mmoja ananambia ninunue kabureta mpya ya bei rahisi, mwengine nizidishe oili kwenye petroli isije ikajamu, mwengine anasema injini hii haina kitu ndani, nipige kiki tu itajisafisha yenyewe. Nataka niende nayo kazini Chake kila siku. Nianze wapi, na kweli inafaa?"

Waalaykumu salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kabla ya yote, mwambie kijana huyo asipige tena kiki. Vespa yako bado ni nzima kuliko unavyodhani, lakini kila inapowashwa katika hali hii inajila yenyewe, na kitu ambacho leo kinaponywa kwa sili mbili na gasketi, kesho kitahitaji krenki mpya (shafti inayozungushwa na pistoni).

Maelezo uliyotoa yanatosha kujua mengi. Imewaka kwa petroli ya kumiminwa, kwa hiyo plagi inatoa moto na mgandamizo upo. Inasimama kwa choki tu, maana yake petroli inayopita njia ya mzunguko wa chini ni haba, au hewa ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Moshi mweupe wa dakika mbili tatu za mwanzo si ajabu, ni mabaki ya oili yaliyolala kwenye ekzosi. Moshi usiokatika ni habari nyengine. Na ile kupanda mzunguko yenyewe ndiyo iliyonifanya niseme isimame. Injini haipandi kwa nguvu za bure. Imepata hewa kutoka mlango usiokuwa wa kabureta.

Hapo inabidi tuelewane kuhusu injini yenyewe, maana ushauri wote uliopewa umetokana na kutoielewa.

Injini ya mapigo manne ina oili yake chini, na hewa na petroli zinaingia kwa juu kupitia vali. Hii yako ya mapigo mawili haina vali wala oili ya chini. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili unaingia kwanza kwenye tumbo la injini, kule krenki inakozunguka. Pistoni ikipanda, tumbo linavuta. Ikishuka, tumbo linasukuma mchanganyiko kwenda juu ukaungue. Tumbo hilo ni pafu. Na pafu likitoboka halivuti wala halisukumi sawasawa. Kinacholiziba ni sili mbili za mpira, moja kila upande wa krenki: moja upande wa flaiwili (gurudumu zito la sumaku), nyengine upande wa klachi, ambako ng'ambo yake kuna oili ya gia.

Sasa mpira uliokaa bandani zaidi ya miaka kumi, penye joto la kaskazi na unyevu wa masika, unakuwa mgumu kama ganda. Mdomo wa sili unagandia kwenye shafti ya krenki, na chini yake kutu inaota duara jembamba. Siku injini inapozunguka kwa mara ya kwanza, mdomo ule unachanika au unasagwa na kutu. Ndiyo maana Vespa nyingi zilizoamshwa kwa haraka zinakwenda vizuri siku mbili tatu, watu wakafurahi, kisha zikaanza vitimbi.

Sili ya upande wa flaiwili ikitoboka, tumbo linavuta hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi: petroli kidogo, oili kidogo, hewa nyingi. Mwepesi unaungua kwa joto kali. Mzunguko unapanda, ukiachia gesi haushuki, na mwisho pistoni inatanuka ikang'ata silinda. Sili ya upande wa klachi ikitoboka, tumbo linavuta oili ya gia: moshi mzito usiokwisha, plagi inalowa, oili ya gia inapungua bila ya kuvuja chini. Wakati mwengine huwa kinyume, petroli inapenya upande wa gia, na ukinusa oili yake inanuka petroli.

Ukishafahamu hilo, tazama tena ule ushauri. Kuzidisha oili: watu wanadhani oili zaidi ni ulinzi zaidi. Jeti ya kabureta inapitisha kiasi maalumu cha majimaji. Ukijaza oili ndani ya majimaji hayo, petroli inapungua, na mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Unapata joto zaidi, plagi chafu na ekzosi iliyoziba kwa masizi. PX150 inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za mapigo mawili) kwa lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita 5. Basi. Kama yako ina pampu ya oili (utaona mdomo wa pili wa kujazia oili chini ya siti, na kidirisha kidogo cha kuangalia kiwango), tangi la kwanza lichanganye hivyo hivyo kwa mkono, kwa sababu mpira wa oili umejaa hewa na huenda umepasuka. Ukishahakikisha oili inafika, ndiyo uache pampu ifanye kazi yake.

Kumimina petroli tupu kwenye tundu la plagi: petroli inaosha oili yote iliyobaki ukutani mwa silinda, na beringi za krenki hazina oili nyengine ya kuzilinda. Mara nne inatosha. "Itajisafisha yenyewe" ndiyo hatari kuliko zote, maana kutu na uchafu wa tangi vinapita kwenye tumbo la injini kabla ya kutoka. Katika PX, mlango wa kuingizia mchanganyiko unafungwa na kufunguliwa na pembe ya krenki yenyewe, inayopita karibu mno na uso uliosagwa ndani ya kesi ya injini. Nafasi iliyopo ni sehemu ndogo ya milimita. Chembe moja ya kutu inachora uso ule, na uso ule haubadilishwi, ni sehemu ya kesi. Ukishachorwa sana, injini inakuwa ngumu kuwaka na kabureta inatema petroli nyuma. Na kabureta ya bei rahisi nitaizungumza mbele.

Basi anza hivi.

Fungua plagi, tia mililita 10 mpaka 15 za oili ya 2T kwenye tundu, iache usiku kucha. Siku ya pili weka gia ya nne, sukuma Vespa polepole mbele na nyuma, krenki izunguke taratibu bila ya kiki. Kiki ni ya nguvu na haisamehe. Ikikuta pistoni imegoma inavunja meno ya gia yake, na hayo yako ndani ya kesi.

Halafu mwaga oili ya gia. Nati ya kumwagia ipo chini ya injini, spana namba 11. Ipokee kwenye chombo cheupe. Ikiwa nyeusi lakini nyepesi, ni uzee tu. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia. Ikiwa inanuka petroli, sili ya upande wa klachi imeshajieleza. Inayorudi ni mililita 250 za SAE 30 ya kawaida. Usitie oili ya gari iliyo nyepesi yenye viongezeo vya kuteleza, klachi itateleza nayo.

Kisha fungua kichwa cha silinda. Ni kazi ya nusu saa: ondoa kifuniko cha kupozea, nati nne, kichwa kinatoka. Shusha pistoni chini na utazame ukuta. Madoa ya kahawia yanayofutika kwa kitambaa cha oili si kitu. Duara la kutu unalolihisi kwa ukucha, hasa pale ringi zilipokuwa zimekaa miaka yote, linataka silinda ikachongwe. Kipimo cha asili cha PX150 ni milimita 57.8, na pistoni za kuchongea zinapanda kwa 0.2: 58.0, 58.2, 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mchongaji pamoja na silinda, achonge kwa kuipima ile pistoni. Wengi wanafanya kinyume, wakaishia na silinda pana na pistoni inayogonga. Wakati wa kurudisha kichwa, nati zifungwe kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 13 hadi 18 (kipimo cha nguvu ya kukazia, kwa spana ya kupimia).

Kipimo cha sili ndicho kinachoamua yote, na karibu hakuna anayekifanya, ingawa vifaa vyake viko majumbani. Toa kabureta, ziba mlango wake kwa kipande cha mpira wa tyubu na kibati juu yake. Toa ekzosi, ziba mdomo wake vivyo hivyo kwa mpira na klipu. Chukua plagi mbovu, vunja kaure yake, bakisha chuma chenye nyuzi, ubane mpira mwembamba hapo. Upande wa pili unganisha mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, ile ya pampu ya mkono na mshale. Pandisha mpaka 300. Hiyo ni sawa na psi 6 hivi, usizidishe, ukizidisha utazisukuma sili nje. Kaa dakika tano. Mshale ukitulia, injini yako inapumua salama. Ukishuka mbele ya macho yako, paka maji ya sabuni: kwenye maungio ya silinda, kwenye plagi, nyuma ya flaiwili, na kwenye tundu la kujazia oili ya gia. Povu likitoka tundu la gia, ni sili ya klachi. Likitoka nyuma ya flaiwili, ni ya upande huo.

Ikiwa ni ya flaiwili peke yake, inabadilishwa kwa nje. Flaiwili inatolewa kwa pula yake maalumu. Isigongwe nyundo, sumaku zake hufunguka na shafti hupinda. Nati yake inarudi kwa Nm 60 hadi 65, na kile kipande cha nusu mwezi kinachoishika flaiwili kitazamwe kama hakijaliwa. Ikiwa ni ya klachi, hakuna njia ya mkato: imekaa ndani, injini lazima igawanywe sehemu mbili.

Kwa umri huu, mimi ningeigawanya hata kama ni sili moja tu iliyoshindwa. Gharama kubwa ni ya kufungua na kufunga, si ya vitu vyenyewe. Lakini usiruhusu ifunguliwe kabla spea hazijafika mkononi: sili zote mbili, beringi mbili za krenki, seti kamili ya gasketi na mipira ya duara, diski za klachi, na kile kipande cha msalaba kinachochagua gia ndani ya shafti ya nyuma, maana hicho ndicho kinachofanya gia iruke ukipanda mlima. Injini iliyofunguliwa ikasubiri spea miezi mitatu kwenye karatasi inarudi na vitu pungufu; kila mtu anaijua hadithi hiyo. Sili zikiwa na chaguo, chukua zile za rangi ya kahawia za mpira unaostahimili petroli ya siku hizi kuliko nyeusi za kawaida. Ukiletewa kitu cha LML, kampuni ya India iliyotengeneza Vespa zake, sehemu nyingi za bodi, waya na breki zinaingia bila tabu, lakini injini zake nyingi zina mlango wa kuingizia wa aina nyengine, kwa hiyo vya ndani vilinganishe na chako kabla ya kulipa.

Turudi kwenye petroli. Kumwaga ya zamani na kutia mpya bila kuosha tangi ni kama kupika chai kwenye sufuria yenye masizi. Petroli iliyokaa inaacha utomvu wa manjano unaonata, na juu ya mstari wa petroli chuma kinaota kutu. Tangi la PX linatoka kwa urahisi: siti, bolti zake, kisha uchomoe pini ya fimbo ya koki (ya kufungulia na kufungia petroli) na mpira wa petroli kwenye kabureta. Toa koki, ziba tundu lake. Dawa yake hapa ni asidi ya limau ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, jaza mpaka juu, saa 12 hadi 24. Siki ya dukani inafanya kazi, ila inataka siku mbili. Ikiwa kuna magamba, tia kipande cha nyororo au kokoto safi zilizohesabiwa (zilizohesabiwa, kwa sababu lazima zitoke zote) na mtikise kwa zamu. Mwaga, suuza kwa maji yenye kijiko cha magadi ya soda kuua asidi, suuza tena, kisha likaushe mara moja juani na papo hapo lizungushie petroli yenye oili. Chuma kilichosafishwa kwa asidi kinashika kutu mpya ndani ya saa moja kwa hewa yetu hii ya chumvi. Koki nunua mpya, mpira wa petroli nunua mpya, na usiuache mrefu: ukiwa mrefu unajikunja chini ya tangi, Vespa inakwenda kilomita mbili kisha inakata kama imeishiwa.

Mfuniko wa tangi una tundu la kupumulia. Likiziba, petroli haishuki. Nyigu wa udongo wanalipenda sana tundu lile, na hii ina mzaha wake, maana neno vespa lenyewe kwa Kitaliano ni nyigu. Watafute pia kwenye mdomo wa ekzosi.

Kabureta ya Dell'Orto SI 20/20 iliyomo humo ni chuma kizuri na haifi kwa kulala. Nakala za bei rahisi hazina uhakika wa jeti, na utaishia kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu. Nunua seti ya gasketi na sindano ya floti (boya la ndani ya kabureta) tu. Ifungue kabureta yote, iloweke kwenye dawa ya kabureta au petroli safi usiku mmoja, puliza kila tundu kwa hewa ya kompresa. Jeti ya mzunguko wa chini ndiyo mtuhumiwa wako mkuu wa kuzima choki inaporudi: tundu lake ni jembamba kama unywele. Lisafishe kwa uzi wa mshipi mwembamba. Usitie sindano wala waya wa chuma, shaba ni laini, tundu linapanuka na vipimo vimekwisha. Kuna pia kichujio kidogo cha wavu pale mpira wa petroli unapoingia, wengi hawajui kama kipo. Wakati wa kurudisha, zile bolti mbili ndefu zibane kwa adabu. Zikikazwa kwa nguvu, tako la kabureta linapinda, hewa inaingia na kilango cha gesi kinakwama. Skrubu ya mchanganyiko, ile ya nyuma ya sanduku la kabureta, ifunge mpaka iguse tu, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni mahali pa kuanzia.

Upande wa moto: plagi NGK B7HS, nafasi milimita 0.6. Ukijaribu moto, ishikishe plagi kwenye chuma mbali na tundu lake na mbali na petroli. Moto uwe wa buluu na wenye mlio. PX zenye moto wa kielektroniki za zama hizo zina ugonjwa wao mmoja unaojulikana: ganda la nyaya zinazotoka chini ya flaiwili linakatika kama ganda la karanga, nyaya zinagusana, moto unakuja na kupotea, hasa injini ikipata joto. Flaiwili ikishatolewa kwa ajili ya sili, kagua nyaya hizo, na zikiwa zimekauka zibadilishwe zote kwa waya unaostahimili joto. Kama moto haupo kabisa, chomoa ule waya wa kijani unaotoka kwenye sanduku la moto (kile kisanduku cha kielektroniki) kwenda kwenye ufunguo. Moto ukirudi, ubaya uko kwenye ufunguo au waya wake, na umeokoa pesa ya sanduku jipya. Ikiwa yako ni ya zamani ya platina (vikontakti vya kukatia umeme), nafasi ni milimita 0.4 na kondensa nunua mpya. Taa na honi ni mambo ya kutu kwenye maungio. Brashi ndogo na uvumilivu.

Mambo haya mengine hayana raha ya injini, ndiyo maana yanaachwa mwisho na ndiyo yanayoua. Tairi za 3.50-10 zina tarakimu nne ubavuni: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Zikiwa zimepita miaka kumi, hata zikiwa na meno mapya, zitupe pamoja na tyubu. Na tafadhali sana: rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Kuna nati tano zinazoshika gurudumu kwenye ngoma, na nyengine zinazoshika vipande viwili vya rimu. Hizi za pili zisiguswe mpaka upepo wote umetoka na valvu imechomolewa. Ukizifungua tairi ikiwa na upepo, kipande kinaruka usoni. Upepo wa kuendea: mbele psi 18, nyuma psi 25 ukiwa peke yako, 36 ukipakia mtu.

Breki za ngoma zifunguliwe hata kama zinashika. Gundi inayoshika kitambaa cha breki kwenye chuma chake inakufa kwa unyevu. Kitambaa kinabanduka kikiwa ndani, kinajikunja, na gurudumu linafunga ghafla. Weka mpya. Nati ya ngoma ya nyuma inataka Nm 90 hadi 110 na pini mpya ya kuzuia. Ikilegea, meno ya shafti yanaliwa yote. Nyaya zote, yaani za gesi, klachi, gia mbili na breki mbili, badilisha seti nzima na grisi ndani yake. Klachi ikiwa imegandana, usiilazimishe kwa kiki: bana mkono wa klachi, weka gia ya tatu, tikisa mbele na nyuma, diski zake, za gome kama la kizibo cha chupa, zinaachana zenyewe. Mpya zilowekwe kwenye oili usiku mmoja kabla ya kufungwa.

Chukua bisibisi, ulale chini, uchokonoe sakafu ya bodi: pale kanyagio la breki linapokaa, na kwenye vibao vya chuma vinavyoshika sakafu kwa chini. Vespa haina fremu nyengine, bodi ndiyo fremu. Bisibisi ikizama, hapo hapana kupaka rangi. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji anayejua bodi, kwa kibati kipya na vipimo, tangi likiwa limetolewa nje. Mambo matatu haya basi usiyafanye nyumbani: uchomeleaji wa bodi, kuchonga silinda, na kugawanya injini kama hakuna aliyewahi kuifanya PX. Muulize fundi swali moja tu: sili ya klachi ya PX inatolewa upande gani? Akikwambia kwa nje, mshukuru na uende kwa mwengine.

Siku ya kuwasha, tia lita mbili tu za petroli mpya na mililita 40 za oili. Fungua koki, subiri dakika moja floti ijae, vuta choki, kiki tatu nne. Usiivurumishe ikiwa imesimama. Ikipanda yenyewe kama ile siku, usihangaike na ufunguo: weka gia ya nne, kamata breki zote mbili, achia klachi, itazimika kwa nguvu. Ikitulia, iache ipate joto dakika chache, kisha pandisha na kushusha ile skrubu ya mchanganyiko robo robo mpaka mzunguko uwe laini. Safari ya kwanza iwe ya karibu, unayoweza kurudi ukisukuma, na vidole viwili juu ya mkono wa klachi muda wote. Ukisikia sauti imebadilika kuwa kavu au nguvu zinazama bila ya sababu, bana klachi papo hapo, injini ipoe.

Kuhusu kwenda Chake kila siku, nitakwambia ukweli. PX iliyofunguliwa na kufungwa vizuri inaiweza safari hiyo bila ya maneno, ndiyo kazi iliyoundiwa. Lakini ringi mpya zinataka kilomita 500 za upole kwanza, spea nyengine utazisubiri kutoka Dar au Mombasa, na asubuhi ya mvua za masika utataka kitu kisichokuuliza maswali. Kama una uwezo wa kuwa na pikipiki nyengine ndogo ya mapigo manne kwa siku za kazi, Vespa ya mzee ipe Ijumaa na safari za raha. Kama hiyo ndiyo pekee, basi igawanywe injini sasa, kwa ukamilifu, usiende kwa majaribio ya nusu nusu. Kununua injini nyengine iliyotumika hakukusaidii: hujui ililala miaka mingapi nayo, na sili zake zina umri ule ule.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo, injini ikiwa baridi kabisa, kaza tena nati za kichwa kwa kipimo kile kile, mwaga oili ya gia utazame rangi yake, na ufungue plagi. Ikiwa ya kahawia kama biskuti, endelea. Nyeupe, simama na urudi kwenye maji ya sabuni. Nyeusi na mbichi, punguza petroli kwenye skrubu, na hakikisha choki inarudi mpaka mwisho.